Kipande Kimetoka Shingoni; Je, Kimetoka Moyoni?

Ndugu wasomaji, naomba nianze kwa kisa kidogo, kwa maana mambo makubwa ya taifa mara nyingi hujionyesha langoni kabla ya kujionyesha bungeni.

Miezi michache iliyopita nilitoka mahakamani Nyeri pamoja na mteja wangu, mzee wa miaka karibu tisini, ambaye katika ujana wake aliwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Kesi ya shamba la familia yake ilikuwa imeahirishwa kwa mara nyingine, naye alikuwa amechoka. Njiani, katika mji mmojawapo wa miji hii iliyo chini ya Mlima Kenya, niliona hoteli ya watalii nikamwambia, "Mzee, tuingie hapa tunywe chai." Langoni askari akatusimamisha. Akauliza tumealikwa na nani. Akataka kitambulisho changu na cha mzee. Akafungua buti la gari, akachungulia chini ya viti. Tulipokuwa bado tunajieleza, gari jingine likafika nyuma yetu, ndani yake mna vijana wawili Wazungu waliovaa kaptura. Askari akatuacha, akakimbia kuinua kizuizi, akawapigia saluti, nao wakapita bila hata kuteremsha kioo.

Nilipandwa na hasira, nikafungua mlango ili nimfundishe kijana yule Katiba. Mzee akanishika mkono. "Wakili, mwache," akasema. "Huyo ni mtoto wetu, anatafuta unga. Sisi tulipokuwa vijana, lango kama hili lililindwa kwa amri ya Mzungu. Mimi nataka kujua huyu analinda kwa amri ya nani."

Chai tulikunywa, lakini swali la mzee yule sijalimaliza mpaka leo. Ndilo ninalowaletea katika ukurasa huu.

Vijana wetu wa leo husikia neno "kipande" wakadhani ni kitambulisho tu kama hivi tulivyo navyo mifukoni. Sivyo. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kuchukuliwa alama za vidole na kubeba karatasi yake katika kijikebe cha chuma, ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba, kama kengele ya mbuzi. Katika karatasi hiyo mwajiri aliandika lini mtu ameajiriwa na lini ameachiliwa. Aliyeondoka shambani kwa mlowezi bila kuandikiwa alihesabiwa mhalifu na kutafutwa na polisi. Mzungu hakubeba kipande. Kosa la kisheria la Mwafrika lilikuwa ngozi yake kabla hajatenda neno lolote.

Basi waasisi wa harakati za uhuru walitaka nini? Hapa ndipo wengi wetu tunapopotoka, kwa kuwa tumezoea kuhadithia mapambano yale kama vita vya mtu mweusi dhidi ya mtu mweupe, nani amfukuze mwenziwe. Hebu tuyatazame matendo yao.

Mwaka 1921 Harry Thuku alianzisha chama kwa jina la vijana wa Kikuyu. Haukupita muda akalibadili jina hilo, kikawa chama cha Afrika Mashariki, kwa sababu aliona kwamba kipande, kodi ya nyumba, kupunguzwa kwa mishahara na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi havikuwa msiba wa kabila moja. Karatasi zake alizichapisha kwa msaada wa Manilal Desai, Mhindi mwenye gazeti mjini Nairobi, ambaye mwenyewe alipinga sheria zilizowazuia Wahindi kumiliki ardhi katika nyanda za juu. Katika simu aliyoipeleka London mwezi wa Julai 1921, Thuku alisema kwamba, baada ya wamisionari, Wahindi ndio waliokuwa marafiki wakubwa wa Waafrika. Maneno hayo yaliwaudhi machifu wengi wa serikali, lakini yeye hakuyafuta. Alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwatia wanaume haya, umati ukasogea, na tarehe 16 Machi risasi zikafyatuliwa. Watu zaidi ya ishirini waliuawa, naye Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Songa mbele hadi 1950. Makhan Singh, Kalasinga mwenye kupanga vyama vya wafanyakazi pamoja na Fred Kubai, alisimama katika mkutano wa hadhara Nairobi akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambapo hata Waafrika wengi waliogopa kulitamka neno hilo. Kwa ajili hiyo alizuiliwa tangu 1950 hadi 1961. Na Kapenguria je? Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa mwaka 1952, waliowatetea walikuwa nani? Kiongozi wa mawakili alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza. Pamoja naye walikuwamo Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza wa hapa Kenya, Chaman Lall aliyetoka India, Dudley Thompson wa Jamaika, na H. O. Davies wa Nigeria. Mimi mwanasheria nikiisoma orodha hiyo naona kwamba meza ile ya utetezi ndiyo iliyokuwa picha ya Kenya waliyoitamani. Mshtaki hakuisumbua meza ile kwa sababu ya weusi au weupe wake, bali kwa sababu ilidai jambo moja tu, nalo ni kwamba sheria iwe na mizani moja.

Hilo ndilo lililokuwa kiini cha madai yao. Kwa kuwa ukoloni haukuwa na mizani moja. Wengi hawafahamu kwamba katika mahakama za Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kusikilizwa na juri, yaani jopo la raia ambao uamuzi wao humfunga jaji, nao wote wakiwa Wazungu wenzake. Mwafrika hakupewa haki hiyo. Yeye alisikilizwa na jaji aliyeketi na wazee washauri, na maoni yao jaji aliweza kuyakubali au kuyatupa. Mwaka 1923 mlowezi mmoja wa Molo, Jasper Abraham, alimpiga mfanyakazi wake aitwaye Kitosh hata akafa. Juri la Wazungu lilikataa kuyaita mauaji hayo kwa jina lake. Likamtia mlowezi hatiani kwa kosa la kudhuru mwili, akafungwa miaka miwili.

Mwezi wa Novemba 1956, hapa Nyeri kwetu, Dedan Kimathi wa Tetu alisimama kizimbani akiwa na jeraha la risasi, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na washauri watatu Waafrika. Shtaka lake kubwa lilikuwa kupatikana na bunduki. Alihukumiwa kifo, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Weka kesi hizo mbili juu ya mizani. Aliyeua kwa kiboko alipata miaka miwili. Aliyepatikana na silaha alipata kamba. Ni lazima tuongeze kwamba mwaka 1960, upepo wa uhuru ulipokwisha kuanza kuvuma, Peter Poole alinyongwa kwa kumwua mtumishi wake Kamawe Musunge, naye akawa Mzungu wa kwanza nchini kunyongwa kwa kumwua Mwafrika. Maelfu ya walowezi walitia saini wakiomba asamehewe. Walishtuka kwa sababu hawakuwa wamezoea kuiona mizani ikisimama sawa.

Uhuru ukaja. Katiba yetu ya kwanza ilikataza ubaguzi wa rangi na kabila, ikataja hata maduka, hoteli na mikahawa, kwamba mtu asibaguliwe kuingia. Kwa hiyo kile kilichotupata mimi na mzee langoni kilikwisha kukatazwa kabla baba yangu hajaoa. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi. Kifungu cha 27 kinaizuia serikali na vilevile kinamzuia mtu binafsi asimbague mwenziwe, moja kwa moja au kwa hila, kwa sababu ya rangi, kabila, jinsia, dini au hali nyingine yoyote. Kifungu cha 28 kinasema kila mtu ana utu wa asili ambao ni lazima uheshimiwe na kulindwa. Kifungu cha 65 kikapunguza ukodishaji wa ardhi kwa wasio raia hata usizidi miaka 99, ambapo mkoloni kwa sheria yake ya 1915 alikuwa amejigawia miaka 999. Kwenye karatasi, ndugu zangu, tumeshinda. Sasa tutoke kwenye karatasi twende Nanyuki.

Nanyuki ni mwendo mfupi kutoka Nyeri, na kila mwenyeji wa miji hii anaijua. Ni mji wa kambi za jeshi, mashamba makubwa, watalii wapandao mlima, na askari wa Uingereza wanaokuja kufanya mazoezi. Usiku wa tarehe 31 Machi 2012 Agnes Wanjiru, mwanamke wa miaka 21 na mama wa mtoto mchanga wa miezi mitano, alionekana hotelini akiwa pamoja na askari wa Kiingereza. Hakurudi nyumbani. Miezi miwili hivi baadaye mwili wake ulipatikana ndani ya tangi la maji taka la hoteli hiyo. Ilipita miaka saba kabla uchunguzi wa kifo chake kumalizika mahakamani, na mwaka 2019 hakimu wa Nanyuki akaamua kwamba aliuawa, na kwamba waliomwua ni mmoja au wawili kati ya askari wale wa Uingereza. Bado hapakuwa na mtu kizimbani. Mwaka 2021 gazeti moja la London likaandika kwamba baadhi ya askari wenyewe waliyajua na kuyazungumza yaliyotendeka, na dunia ikashtuka. Tarehe 16 Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu, Nairobi, ilipotoa hati ya kukamatwa kwa raia mmoja wa Uingereza. Mtoto aliyeachwa akinyonya alikwisha kufika umri wa kuuliza maswali yake mwenyewe.

Mimi ni wakili, na sitamhukumu mtu yeyote katika gazeti. Mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo, awe mweusi au mweupe. Hiyo nayo ni sehemu ya mizani moja waliyoidai wazee wetu, na hatuna ruhusa ya kuichagua siku inapotufaa na kuitupa siku inapotuuma. Swali langu si nani aliyemwua Wanjiru. Swali langu ni kwa nini ilichukua zaidi ya miaka kumi na mitatu kufika hapo.

Tulinganishe. Mwezi wa Septemba 1988, Julie Ward, mgeni kijana kutoka Uingereza, aliuawa katika mbuga ya Maasai Mara. Wakuu wetu wa wakati huo walitaka kuamini kwamba ameliwa na wanyama, na baba yake alihangaika sana kuupinga uongo huo. Sitaki kuupunguza uchungu wa mzazi yule. Uchungu wa mzazi hauna rangi. Lakini milango aliyoibisha ilifunguliwa hatua kwa hatua. Uchunguzi wa kifo ulifanyika mahakamani. Wapelelezi wa Scotland Yard walikuja Kenya. Kufikia 1992 watu wawili walikuwa wamekwisha kushtakiwa na kusikilizwa, nao wakaachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Na mwaka 1999 kesi ya mwingine ikasikilizwa, naye pia akaachiliwa. Haki haikupatikana, lakini ilitafutwa kwa jasho. Sasa jiulize, ndugu msomaji, kwa moyo mweupe: lau aliyepatikana katika tangi lile angekuwa binti wa Kiingereza, na aliyeonekana naye mara ya mwisho akawa kijana wa Majengo au wa Likii, je, kijana huyo angelala nyumbani kwao usiku wa pili?

Sheria iliyoandikwa ilikuwa ile ile. Kifungu cha 27 kilikuwako tangu 2010, miaka miwili kabla ya kifo cha Wanjiru. Ubaguzi haukuwa tena katika kitabu cha sheria. Ulikuwa katika mikono iliyokishika. Polisi aliyeona jalada la mwanamke maskini akaliweka chini ya mengine alikuwa Mkenya. Ofisa aliyesema tusiwaudhi wageni alikuwa Mkenya. Na hapa ndipo ninapolirudia swali la mzee: kwa amri ya nani?

Jibu langu ni chungu. Hakuna aliyeamuru. Tumejiamuru wenyewe. Mkoloni aliweka lango, akaondoka, nasi tukabaki tumesimama pale pale alipotuweka, tukiwazuia wenzetu na kuwapigia saluti wageni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Tazameni hata makaburi yetu. Katika mji wa Nyeri, Baden-Powell aliyefariki mwaka 1941 ana kaburi linalotunzwa, lenye heshima zote, na wageni hulizuru kutoka pembe zote za dunia. Sina ugomvi na marehemu, wala na mwenye kulifagia kaburi lake. Lakini Kimathi, mwana wa Tetu, alizikwa ndani ya gereza bila alama, na mjane wake Mukami alifariki mwezi wa Mei 2023 bila kuonyeshwa mahali mumewe alipolazwa, ingawa alilia kwa serikali moja baada ya nyingine. Sheria ya mkoloni iliyouharamisha Mau Mau tangu 1950 iliendelea kuwa sheria ya Kenya huru hadi 2003, yaani miaka arobaini baada ya bendera kupandishwa. Mwaka huo wote wa 1963 na miaka iliyofuata, wazee wa Nyeri walioshangilia uhuru walikuwa bado, kwa mujibu wa sheria, wafuasi wa chama haramu. Hapana Mzungu aliyetuzuia tusiifute.

Na sisi tulio kanisani tusijitoe. Katika parokia na kanisa ngapi za milima hii mgeni Mzungu huingia amechelewa, akaongozwa hadi kiti cha mbele, akapewa na kipaza sauti ili asalimie, ilhali mama aliyetembea kilomita nane kutoka bondeni amesimama mlangoni na mtoto mgongoni? Mtume Yakobo aliwakemea waumini wa kwanza kwa jambo hili hili, waliompa tajiri mahali pazuri na kumwambia maskini aketi chini. Petro naye hakuingia nyumbani kwa Kornelio mpaka alipoonyeshwa kwamba Mungu hana upendeleo. Tunayahubiri mafungu haya, kisha tunampangia mgeni kiti kwa kutazama ngozi yake. Ukarimu ni jambo jema na la asili yetu. Lakini ukarimu unaomtambua mtu kwa rangi umekwisha kugeuka utumwa wa hiari.

Kuna jambo jingine, ambalo watu wa Mlima Kenya hatupendi kuambiwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sisi ambao babu zetu walivaa kipande shingoni, tulisema nini mwaka 1989 serikali ilipowaamuru Wakenya Wasomali, peke yao, wajitokeze kuchujwa na kupewa kadi maalum za kuthibitisha uraia wao? Kile kilikuwa kipande, ndugu zangu, kilichobadilishwa rangi na shingo. Wanubi, waliozaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa, walipitishwa kwa miaka mingi mbele ya kamati za kuwachunguza kabla ya kupata vitambulisho, hata serikali ilipotangaza mwaka 2024 kwamba utaratibu huo ukome. Tulisema nini? Na Wahindi, ambao wenzao walitetea viongozi wetu Kapenguria na kuchapisha karatasi za Thuku, tuliwatendea nini baada ya sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967, hata maelfu wakafunga maduka na kukimbilia Uingereza, nayo Uingereza ikawafungia mlango kwa sheria yake ya 1968? Mpaka leo, sokoni Karatina na madukani Nyeri, mtu huweza kumwita Mkenya aliyezaliwa hospitali moja naye "mgeni" kwa sababu ya nywele zake tu. Anayelia kwa ubaguzi wa Nanyuki kisha akambagua Mturkana anayetafuta kibarua shambani mwake, huyo hapingi ubaguzi. Anapinga kukosa zamu yake.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, kwa maana nimeisikia mara nyingi. Watu husema: "Wakili, wageni ndio wanaotulisha. Hoteli zikifungwa na kambi ikihama, Nanyuki itakufa. Askari wa lango akimkwaza mtalii atapoteza kazi." Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa sababu njaa si jambo la mzaha. Lakini tuitazame vizuri. Katika miaka ya 1920 walowezi walisema vivyo hivyo, kwamba bila wao Mwafrika hangekuwa na mshahara, na kwa hiyo asiulize habari za kipande. Thuku hakujibu kwamba mshahara ufutwe. Alijibu kwamba mshahara usinunuliwe kwa utu wa mtu. Mgeni mwema hatakimbia kwa sababu gari lake nalo limekaguliwa langoni. Kwao Ulaya hukaguliwa kila siku. Na jeshi la nchi rafiki halitakosa urafiki kwa sababu askari wake anatakiwa kujibu mahakamani. Urafiki unaoweza kuvunjwa na swali la mama aliyefiwa ulikuwa umevunjika zamani.

Basi tufanye nini? Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991 na vyama vingi vikaruhusiwa. Nakumbuka watu wazima wakisema kwamba jambo lile haliwezekani, mpaka likawezekana. Halikuletwa na wanasiasa peke yao. Kasisi Timothy Njoya alihubiri siku ya kwanza ya mwaka 1990 akauliza kama Kenya itabaki nyuma wakati tawala za chama kimoja zinaanguka Ulaya Mashariki. Askofu David Gitari aliendelea kuhubiri Kirinyaga hata baada ya nyumba yake kuvamiwa usiku mwezi wa Aprili 1989. Mabadiliko yalianza pale mkristo wa kawaida, mwalimu, mama wa soko, walipokataa kunyamaza kwa jambo walilolijua kwa macho yao. Njia hiyo bado iko wazi, na leo ina sheria nyuma yake.

Kwanza, mjue ya kwamba Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki za msingi zinapovunjwa, na si kwa ajili yake tu, bali hata kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, au kwa ajili ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua shauri la namna hiyo. Chama cha akina mama wa kanisa kinaweza kufungua shauri. Jumuiya ndogo ndogo inaweza. Msingoje mpaka apatikane tajiri.

Pili, andikeni. Mtu akibaguliwa langoni, kazini au ofisini, aandike siku ile ile tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na majina ya waliosikia. Nimeona mashauri mengi ya haki yakianguka si kwa sababu uongo ulishinda, bali kwa sababu ukweli haukuandikwa. Kila kanisa liwe na daftari la malalamiko na watu wawili au watatu waaminifu wa kulitunza.

Tatu, wasindikizeni mashahidi. Kesi za watu maskini hufa kwa upweke. Familia inakwenda mahakamani mara ya kwanza, ya pili, ya tano, nauli inakwisha, jalada halionekani. Lau viti vya mahakama vingejaa waumini wakimya kila siku kesi ya namna hiyo inapotajwa, naamini jalada lingeonekana.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, tusilipe chuki kwa chuki. Wazee wetu walikuwa na sababu nyingi za kuwachukia watu weupe kuliko sisi, lakini walimkubali Pritt, wakamkubali Desai, wakamkubali Makhan Singh. Kama tutaipindua mizani ili upande wetu ndio uwe mzito, tutakuwa tumerithi duka la mkoloni pamoja na jiwe lake la kupimia.

Wiki mbili baada ya siku ile, nilirudi peke yangu katika hoteli ile. Askari alikuwa yule yule. Nilimsalimu, nikamwuliza jina la nyumbani kwao, akanitajia kijiji kilicho karibu na kwetu. Nikamweleza kwa upole habari za mzee niliyekuwa naye, kwamba alikaa kizuizini ili mtoto kama yeye asizuiliwe mahali. Kijana akatazama chini. Kisha akasema, "Baba, tumeambiwa tu tuangalie watu wasiofanana na wageni. Hakuna aliyetuambia wageni wanafanana na nini."

Ndugu zangu, kazi iliyobaki ni kumwambia. Tumwambie yeye, tumwambie mwajiri wake, tumwambie polisi anayeshika jalada, tumwambie mzee wa kanisa anayepanga viti, kisha tujiambie wenyewe. Mzee yule bado ananingoja kwa kesi yake ya shamba, na itakaposikilizwa, nitamchukua tena kunywa chai pale pale.